Tuta la Sebuleni kwa Mwenyekiti

Jumatatu asubuhi Fortunata alikuwa anatoka jikoni na sinia la chai, chapati zikiwa zimefunikwa kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, alipojikwaa katikati ya sebule yake. Chai ilimwagikia kochi. Alishika meza, akatazama chini aone nani ameacha viatu njiani. Viatu havikuwepo. Palikuwa na tuta. Lilikuwa la zege, limelala kutoka kwenye kabati la vyombo mpaka chini ya dirisha, lina mistari myeupe iliyochakaa na alama nyeusi za matairi.

"Baba Efraimu," aliita, "tuta limekuja."

Mumewe alitoka chumbani akifunga mkanda. Huyu ndiye Mheshimiwa Abrahamu, diwani wa kata ya Nansengwa na mwenyekiti wa kamati ya usalama barabarani ya halmashauri. Alilitazama tuta, akalijua. Hata ungekuwa wewe ungelijua, maana kwa miaka mingi lilikuwa tuta pekee kati ya mtoni na sokoni, na hakuna mtu wa Nansengwa ambaye hajawahi kugonga kichwa kwenye dari la gari kwa ajili yake.

"Lifunike na zulia," alisema. "Na watu wasiingie ndani."

Akanywa chai iliyobaki, akaenda kwenye kikao.

Tuta lile makao yake yalikuwa barabara kuu, ile inayotoka Vwawa kwenda Tunduma, mbele kabisa ya shule ya msingi. Lilipatikana kwa shida. Wazazi walifunga barabara kwa magogo siku nzima, malori ya Zambia na Kongo yakapanga foleni mpaka juu mlimani, ndipo wakubwa wakakubali. Fundi Osea, kibarua wa halmashauri, ndiye aliyemwaga zege. Siku hiyo Conjesta, mama muuza mahindi ya kuchemsha, alikuwa amekaa kando na sufuria lake, na mwanawe Mika, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kukimbia, akamponyoka akakanyaga zege bichi pale ukingoni. Mguu mmoja, mtupu, vidole vyote vitano. Osea alinyanyua mwiko alisawazishe, akamwangalia mtoto, akacheka.

"Acha, dada," alisema. "Huyu ameshaweka sahihi."

Nyayo ile ilikaa pale, pembeni ambako matairi hayafiki. Conjesta naye alikaa pale pale na mahindi yake, kwa kuwa kwenye tuta hata dereva mwenye haraka hupunguza mwendo, na akipunguza mwendo husikia harufu ya mahindi. Mika alikua akiuonyesha mguu wake kwa wenzake. Alipoanza shule alikuwa anaupima kila asubuhi akivuka, anashangilia kwamba haumtoshi tena.

Sasa ikaja Wiki ya Usalama Barabarani. Halmashauri iliichangamkia kweli kweli. Mawe ya kando ya barabara yalipakwa chokaa, fulana zikagawiwa kwa watu ambao hawakuwahi kuvuka barabara ile, watoto wakafundishwa ngonjera ya tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena. Alitarajiwa mgeni rasmi kutoka mbali, na ikasemekana mgeni huyo ana mgongo mbovu. Basi siku moja kabla ya sherehe walikuja vijana wa halmashauri na masururu, Osea akiwa miongoni mwao, wakalivunja tuta ili mgeni wa usalama barabarani asitikiswe. Kifusi kikabebwa. Wakaambiwa wananchi kwamba litarudishwa sherehe ikiisha.

Mgeni rasmi hakufika. Alituma mwakilishi, na mwakilishi alikuja kwa pikipiki.

Sherehe iliisha, tuta halikurudi. Ukimwuliza mhandisi wa halmashauri, anasema aliambiwa na mwenyekiti. Ukimwuliza mwenyekiti, anasema aliambiwa na mhandisi. Ukiwauliza wote wawili pamoja, wanasema agizo lilitoka juu, na wanatazama juu, nawe unatazama juu, unaona dari. Watu wa Nansengwa si watu wa kudanganywa kwa dari. Walikuwa wanajua kwamba Abrahamu ana malori mawili ya kupeleka mahindi mpakani, na walikuwa wanayaona yakishuka ule mteremko bila kubadili gia. Waliona, wakaanza kutazamana.

Mika aligongwa Alhamisi, akiwa darasa la pili. Lilikuwa gari la IT, yale magari mapya yasiyo na namba yanayotoka bandarini kwenda ng'ambo, yanayoendeshwa kana kwamba barabara imeibwa na inabidi irudishwe kabla ya jioni. Mika alitazama kulia, akatazama kushoto, na alikuwa anatazama kulia tena. Dereva alikuwa ameshavuka mpaka Tunduma kabla trafiki hajamaliza kupima lami kwa hatua. Mtoto alizikwa Ijumaa. Jumatatu iliyofuata ndiyo Fortunata alimwaga chai.

Conjesta alibaki na mtoto mmoja, Scola, wa darasa la nne, na shule ilikuwa ng'ambo ile ile ya barabara ile ile. Alichotaka mama huyu duniani kikawa kimoja: tuta lirudi, Scola avuke. Alikwenda ofisi ya kata. Alikwenda halmashauri. Alikaa kwenye benchi na kanga ya msiba, akaambiwa, "Mama, pole sana, tupo kwenye mchakato." Alirudi tena, akaambiwa mchakato umeanza vizuri. Kila asubuhi alimshika Scola mkono, wakasimama ukingoni, wakasubiri, wakakimbia. Mchana alisimama tena. Mahindi hayakununuliwa tena kwa kuwa hakuna gari lililopunguza mwendo, lakini aliendelea kuyachemsha ili apate sababu ya kukaa pale.

Jambo jingine alilifanya bila kumwambia mtu. Alishuka kwenye korongo walikotupa kifusi, akitafuta kipande chenye mguu wa Mika. Aliona matope na majani. Hakuona hata kokoto yenye rangi nyeupe. Akamfuata Osea.

"Shemeji, kifusi cha tuta mlikitupa wapi?"

"Korongoni."

"Nimetoka huko. Hakipo."

Osea aliangalia viatu vyake. "Dada, usiniulize," alisema. "Mimi nina watoto na nina ajira."

Mh! Mtu aliyevunja zege anaogopa kuulizwa zege liko wapi? Tangu siku hiyo Conjesta alimtilia shaka Osea, na hakukosea, kwa sababu Osea alikuwa amekwisha kuitwa kwa Abrahamu na sururu lake. Alilivunja tuta la sebuleni mchana kutwa, akalitoa kwa toroli kupitia mlango wa nyuma. Kesho yake lilikuwa pale pale, na rangi imekolea zaidi. Alilivunja mara ya pili. Likarudi. Mara ya tatu aliweka sururu chini.

"Mheshimiwa," alisema, "hili limeshika kuliko lile nililojenga mimi. Ningekushauri ulizoee."

Aliona ule mguu, pale chini ya kochi. Hakuutaja. Alinawa mikono akaenda zake.

Basi nyumba ile ikazoea. Fortunata akajifunza kupita taratibu, sinia akilishika kwa mikono miwili. Efraimu, mwana wao, alipunguza mwendo hata alipokuwa anakimbilia chooni. Lori likipita barabarani, tuta lilitikisika kidogo na vikombe vikalia kabatini. Mama mzazi wa Abrahamu, bibi mzee aliyekuwa anaishi nao, ndiye pekee aliyelipenda. Aliegemeza mgongo hapo kila alasiri akasema afadhali, tangu aolewe hajapata kitu kilichomkaa mgongoni namna hii.

Lakini wageni ilikuwa kazi. Nansengwa mgeni hapokelewi mlangoni kama mdai. Anaambiwa karibu ndani, anakaa, anauliza habari za mahindi, ndipo anasema kilichomleta. Fortunata sasa alikuwa anasema "Karibu" huku ameziba mlango kwa mwili wake wote, na ukimchungulia begani anahama na bega. Kigoda kinatolewa uani. Chai inaletwa uani. Hata mvua ikinyesha, uani!

"Mna nini humo ndani, mama Efraimu?" aliulizwa na jirani.

"Tunapaka rangi."

Rangi gani ya miezi mitatu? Watu wakaanza. Wa kwanza wakasema Abrahamu ameficha sukari ya magendo kutoka Zambia. Wengine wakasema ana mke wa pili humo, Mbemba wa huko huko Zambia, asiyejua Kiswahili. Wengine wakashusha sauti wakasema ni misukule inayolima shamba lake usiku, ndiyo maana mahindi yake marefu. Abrahamu naye akaanza kumshuku kila mtu. Alimshuku mkewe kwamba anasema. Alimshuku Osea kwamba ameshasema. Alimshuku mhandisi kwamba na kwake lipo, ila ana sebule kubwa. Alipokwenda kwa mhandisi alitazama sakafu muda wote, na mhandisi akawa anamtazama yeye anavyotazama. Ikawa wakubwa wa halmashauri hawatembeleani tena majumbani. Walikutana baa.

Bibi alifariki wakati wa kupukuchua mahindi, kwa amani, mgongo ukiwa kwenye tuta.

Hapo ndipo Abrahamu alipobanwa. Mgeni wa kawaida unaweza kumweka uani, lakini msiba una taratibu zake, na hauombi ruhusa. Wanaume hukaa nje kwenye moto. Wanawake huingia ndani, husogeza makochi, hutandika mikeka, hukaa chini kuzunguka marehemu, na hulala hapo hapo mpaka mazishi. Hakuna mwenye nyumba aliyewahi kuwazuia, na hakuna aliyewahi kufikiria kuwazuia. Abrahamu alikodi turubai kubwa kutoka Vwawa, lenye taa na viti vya plastiki, akaamuru jeneza likae humo.

"Akina mama, karibuni hapa, kuna hewa nzuri," alisema.

Wanawake walisimama na mikeka yao kwapani. Hawakukaa.

"Tangu lini mama wa mtu akaliliwa uani kama kuku?" aliuliza mmoja.

"Ndani tunapaka rangi."

"Basi tutalia kwa kunusa rangi," alijibiwa, nao wakamzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe, wakaingia.

Walisogeza makochi. Wakaliona zulia limenyanyuka katikati ya chumba, wakalikunja, wakaliona tuta. Mwenye kuhema alihema, mmoja akasema, "Kumbe liko huku," kisha wakatandika mikeka juu yake, na mabibi wenye maumivu ya mgongo wakapewa nafasi ya kuegemea. Kilio kikaanza. Msiba ni msiba.

Conjesta alikuwa ameingia na wenzake. Hakumjua sana marehemu, lakini wanawake wenzake walimzikia Mika, naye alikuja kulipa machozi. Alikaa karibu na dirisha, na alipoweka mkono chini ili ajisogeze, kiganja chake kikagusa vidole vidogo vitano. Hakunyanyua mkeka. Aliingiza mkono chini yake, akauweka ule mguu kwenye kiganja, akaanza kulia. Alilia kuliko wafiwa. Alilia mpaka wanaume kule nje kwenye moto wakaulizana huyo ni binti yupi wa marehemu ambaye hawamjui.

Fortunata aliona mkono wake ulipo. Alijua. Yeye ndiye aliyekuwa akipafagia pale kila siku, akizungusha ufagio ili usiuguse. Alikuja akakaa karibu yake.

"Mama Mika," alimwambia polepole, "nilikuwa naona aibu kukuita."

Siri iliyoingiwa na wanawake wa msiba si siri. Mazishi yalipokwisha, Nansengwa nzima ilijua, na ulipoitishwa mkutano wa kata, Conjesta alisimama mbele ya watu.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema, "mimi sina maneno mengi. Tuta la shule liko sebuleni kwako. Nina mtoto amebaki mmoja. Lirudishe."

Watu waliguna. Abrahamu hakukana, ungekana vipi mbele ya wanawake waliolilalia? Alisimama, akasafisha koo.

"Ndugu wananchi, kamati yangu inalitambua tuta hilo. Tuta halijapotea kama wanavyoeneza wenye nia mbaya. Tuta lipo, na lipo mahali salama."

"Barabarani hakuna!" mtu alipiga kelele nyuma.

"Kulihamisha ni suala la kitaalamu," alisema Abrahamu, na mhandisi akaitikia kwa kichwa, akionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Ila halmashauri yenu ni sikivu. Tumelichukua."

Walilichukua kweli. Baada ya muda ulisimikwa mbele ya shule mti wa chuma wenye kibao kikubwa chekundu na cheupe: tuta mbele, punguza mwendo. Kwa siku chache magari yalipunguza. Madereva walisubiri mtikisiko, mtikisiko haukuja. Wakaambizana huko Tunduma kwenye foleni ya mpakani kwamba kibao cha Nansengwa ni muongo, na wakaanza kushuka kwa kasi kuliko zamani, kama mtu aliyekasirika kwa kudanganywa. Ndipo alipogongwa akafa Sunday, mzee aliyekuwa akiuza maziwa kwa baiskeli. Asubuhi hiyo hiyo Fortunata alikuta kwenye tuta, kando ya mguu wa Mika, mchirizi wa tairi la baiskeli, mbichi, kama umepita saa hiyo. Kufika jioni ulikuwa umeshakauka.

Fortunata hakumwuliza mumewe. Alikwenda mwenyewe kwa Marta, mjane wa Sunday, akamwambia baiskeli ya mzee ipo nyumbani kwake. Ikawa kila Jumamosi Conjesta na Marta wanakuja. Conjesta anakuja na kitambaa safi na maji, anausafisha mguu wa mwanawe katikati ya vidole. Marta anakaa tu. Fortunata anapika chai. Mlango wa nyumba ile haukuzibwa tena, na Abrahamu akiwapo huwasalimu vizuri, "Shikamoo mama, habari za nyumbani," kisha hutoka kwenda baa. Habari zilipofika halmashauri zilipokewa kwa furaha, na katika kikao kikubwa ikatajwa kwamba Nansengwa sasa inayo huduma ya faraja kwa wahanga wa ajali, inayotolewa nyumbani kwa mwenyekiti bila gharama. Walipiga makofi. Kata jirani ilituma watu kuja kujifunza.

Conjesta hakuacha kuomba. Kila Jumamosi akiondoka alikuwa anasema mlangoni, "Mama Efraimu, mwambie baba, lirudi." Na Fortunata alikuwa anajibu, "Nimemwambia." Alikuwa amemwambia kweli. Ilifika mahali alimpikia ugali mkavu bila mboga wiki nzima ndipo amwambie tena. Abrahamu alikula ugali mkavu, akasema mchakato unaendelea. Malori yake mawili yalikuwa yameongezeka, yakawa manne.

Jumamosi moja walikuwa wamekaa wote watatu. Scola alikuwa amekwenda masomo ya ziada, ng'ambo ya barabara. Conjesta alimvusha mwenyewe asubuhi, akamwambia asubiri mpaka amfuate. Chai ilikuwa imemiminwa. Kule nje lilishuka gari kubwa, vikombe vikalia kabatini, na hawakushtuka, kwa kuwa vilikuwa vinalia kila mara.

Kisha zege likalainika. Waliliona wote, hapo karibu na mguu wa meza, likawa na maji maji kama uji unaoanza kuganda, na nyayo ikajikanyaga polepole. Kiatu cha plastiki, yeboyebo, ile yenye vitundu. Ya mtoto.

Scola alikuwa amevaa yeboyebo. Watoto wote wa Nansengwa wanavaa yeboyebo.

Conjesta alipiga magoti. Tangu Mika azikwe alikuwa akimwosha Scola miguu kila jioni na kuipima kwa kiganja, msichana mkubwa analalamika, "Mama, nitaiosha mwenyewe," na mama hasikii. Sasa alifungua kiganja chake, akakiweka juu ya ile nyayo mbichi. Ilikuwa ndogo. Haikufika hata kwenye kifundo cha kidole alikofikia Scola.

"Si wangu," alisema. "Ee Mungu wangu, asante. Si wangu."

Alipoinua uso alimwona Marta anamtazama, na Fortunata anamtazama, na kile alichokisema kikamrudia mwenyewe. Hakuna aliyemlaumu. Akajifuta zege kiganjani kwa ile ile kanga ya msiba, na hata hivyo akatoka mbio kuelekea barabarani, kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Alimkuta Scola amesimama ukingoni na wenzake, daftari kifuani, mdomo wazi. Alimshika kwa nguvu mpaka mtoto akasema, "Mama, unaniumiza." Gari lilikuwa halijasimama. Kibao kilikuwa kimesimama.

Fortunata alibaki ndani. Alichukua kitambaa, akapangusa zege lililorukia mguu wa meza. Akaenda jikoni akaleta kikombe kingine. Akavuta kiti cha nne, akakiweka upande ule wa nyayo mpya, akakisogeza tena kidogo ili atakayekaa asipigwe na jua la dirishani. Jumamosi ile kiti kilikaa kitupu.

Jumamosi iliyofuata walisikia hodi. Alikuwa mwanamke kijana, mtoto mchanga mgongoni, kanga ya msiba bado ina mikunjo ya dukani. Alisimama kizingitini, hajui kama ameelekezwa nyumba sahihi. Conjesta na Marta walisogea kumpa nafasi. Fortunata alikwenda mpaka mlangoni, akamshika mkono.

"Karibu ndani, mama," alimwambia. "Pita taratibu. Hapo kuna tuta."